Helmeti inayomrudishia mvaaji macho

Mtu akishavaa helmeti ya kuigizia inayofunika kichwa chote, haoni miguu yake. Haoni ngazi iliyo mbele, haoni mtoto aliyekuja kumshika mkono, na akitaka kujua nani amesimama kulia kwake inabidi ageuze kiwiliwili kizima. Ndani kuna giza. Jasho linaingia machoni, pumzi inamrudia usoni ikiwa ya moto, na kioo cha mbele kinaanza kushika ukungu muda mfupi tu baada ya mkanda kufungwa. Watu wa nje wanamwona shujaa wa filamu. Yeye anaona matundu mawili.

Kwa sababu hiyo naupenda sana mradi ninaouandika leo: kuweka ndani ya helmeti kama hiyo skrini ndogo inayoonekana ikielea mbele ya jicho, imwonyeshe mvaaji saa, joto, chaji ya betri na kilicho nyuma ya mgongo wake, kwa fedha ambayo kijana anaweza kuikusanya bila kuuza simu. Marubani wanaiita HUD. Kwao ni namna ya kusoma kasi na mwinuko bila kuinamisha kichwa kutazama saa za ndege. Helmeti ya rubani wa ndege ya kivita ya F-35, yenye onyesho hilo ndani yake, imeripotiwa kugharimu kama dola 400,000 za Marekani. Kwa helmeti ya kuigizia, skrini, lenzi, kompyuta ndogo na waya vyote pamoja vinaweza kubaki chini ya dola 30. Ya rubani inafanya kazi kubwa isiyolinganishwa na hii, lakini kanuni ya nuru inayoziendesha zote mbili ni moja.

Mchezo wa kujivika uhusika wa filamu, katuni au michezo ya kompyuta, ambao vijana wanauita kosplei, una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za sayansi mjini New York, Forrest Ackerman alitokea amevaa mavazi ya mtu wa zama zijazo yaliyoshonwa na Myrtle Douglas, naye Myrtle akavaa ya kwake. Mwaka 1997 Albin Johnson wa Marekani akaanzisha 501st Legion, kundi la watu wanaojitengenezea mavazi ya askari wa Star Wars, na leo kundi hilo limeenea nchi nyingi. Hapa kwetu Nairobi ina tamasha lake, NAICCON, ambako vijana hufika na panga za kadibodi, mabawa ya fomu (sponji ngumu) na helmeti walizozikata kutoka kwenye mikeka ya fomu ya kuchezea watoto.

Lakini kufunika kichwa kizima na bado kucheza mbele ya watu si jambo tulilolipata kwenye sinema. Wamakonde, wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, huchonga mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani kama kofia. Macho ya kinyago yanawatazama watu waliokuja kwenye ngoma. Mchezaji mwenyewe huona kupitia mdomo. Mchongaji alishalifikiria tatizo hili na kulitatua kwa patasi: sura ni ya watazamaji, tundu la kuonea ni la mchezaji, na si lazima vikae mahali pamoja. Wanaotengeneza mavazi ya wanyama wa kuchangamsha viwanja vya michezo hufanya vivyo hivyo, wakampa mvaaji dirisha la wavu kinywani mwa simba au shingoni mwa twiga.

Filamu ndizo zilizotutia hamu ya HUD, na ndizo zinazotupoteza. Katika Iron Man ya mwaka 2008, mwongozaji Jon Favreau anatuingiza ndani ya helmeti ya Tony Stark: uso wa Robert Downey Jr. umejaa pazia zima, umezungukwa na ramani, miduara, namba na mistari inayong'aa. Hakuna hata kimoja alichokiona mwigizaji huyo. Vilichorwa baadaye kwa kompyuta, kwa ajili yetu sisi tuliokaa vitini. The Terminator ya mwaka 1984 ni hivyohivyo. Mashine inaitazama dunia kwa rangi nyekundu huku maandishi ya programu yakipita pembeni. Sehemu ya maandishi yale ilikuwa ya kweli, ya prosesa ya 6502 iliyotumika kwenye kompyuta za Apple II, ila roboti hana haja ya kusoma programu yake kwa herufi. Aliyeandikiwa ni mtazamaji. Anayeanza kujenga HUD yake kwa kuiga picha zile ataijaza helmeti taa na namba, na kumziba zaidi mtu aliyekwisha kuzibwa.

Kikwazo cha kwanza ni jicho. Wengi hubandika skrini ndogo kwenye kioo cha mbele cha helmeti, sentimita tano au sita kutoka usoni, wakitegemea kusoma. Wanaambulia wingu la mwanga. Jicho la kijana linaweza kujikaza hadi kuona sawasawa kitu kilicho umbali wa sentimita 10 hivi. Vitabu vya fizikia huchukua sentimita 25 kuwa umbali wa kusomea bila taabu. Na kadiri umri unavyosogea ndivyo umbali huo unavyorefuka, ndiyo maana wazee wetu husoma gazeti wamenyoosha mikono. Hata huyo kijana anayeweza kujikaza atachoka upesi, kwa kuwa jicho haliwezi kuushika ukumbi ulio mita kumi mbele na skrini iliyo puani kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye lenzi. Kompyuta inaweza kungoja.

Lenzi inayotakiwa ni mbinuko, ile iliyotuna katikati, kama ya kioo cha kukuzia. Skrini ikiwekwa ndani kidogo ya umbali wa fokasi wa lenzi hiyo, nuru yake inalifikia jicho kana kwamba inatoka mbali. Chukua lenzi yenye fokasi ya sentimita 10. Skrini ikikaa sentimita 9 kutoka kwenye lenzi, taswira yake inaonekana sentimita 90 kutoka kwenye lenzi hiyo, tena imekuzwa mara 10. Isogeze nusu sentimita tu, ifike 9.5, na taswira inakimbilia sentimita 190. Ikifika 10 kamili, taswira iko mbali kama nyota, na jicho linaitazama likiwa limelegea kabisa. Hii ni hesabu ileile ya lenzi inayofundishwa sekondari, ile ambayo wengi waliikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau jioni yake. Humu ndani ya helmeti ndiyo inayoamua kama namba itasomeka au haitasomeka, na nusu sentimita ina uzito kuliko chombo chochote cha umeme utakachokinunua.

Skrini inayopendwa kwa kazi hii ni ile ndogo ya OLED yenye mshazari wa inchi 0.96, inayoendeshwa na chipu iitwayo SSD1306. Ina nukta 128 kwa 64, na sehemu yake inayowaka ina upana wa karibu milimita 22. Kwa ukuzaji wa mara 10, mvaaji anaona kitu chenye upana wa sentimita 22, karibu sawa na upana wa karatasi ya A4, kikielea kama mita moja mbele yake. Kwa namba mbili tatu, hiyo ni nafasi kubwa.

Lenzi haihitaji kuagizwa ng'ambo. Kioo cha kukuzia cha duka la vifaa vya shule kinafaa. Maboksi ya kutazamia video za pande zote, yaliyoenea baada ya Google kutoa Cardboard mwaka 2014, yana lenzi mbili za fokasi ya karibu milimita 45, na mengi sasa yamelala chini ya vitanda. Fundi saa naye ana lenzi anayoibana kwenye jicho. Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani haitoshi: ya namba 3 ina fokasi ya sentimita 33, urefu usioingia katika helmeti yoyote. Kama hujui fokasi ya lenzi uliyoipata, simama upande wa pili wa chumba, mbali na dirisha, na uielekeze lenzi kwenye ukuta mweupe. Isogeze mbele na nyuma mpaka dirisha lijichore ukutani, dogo, kali, kichwa chini. Pima kutoka ukutani hadi kwenye lenzi. Umeipata fokasi, kwa makosa ya milimita chache tu.

Ndani ya helmeti hakuna sentimita 10 za wazi mbele ya uso, kwa hiyo njia ya nuru inakunjwa. Skrini inakaa juu ya paji la uso au karibu na sikio, inatazama kioo kidogo kilichoinamishwa nyuzi 45, na kioo kinaipeleka nuru jichoni kupitia lenzi. Kioo cha kawaida cha kujitazamia kina kasoro moja: rangi yake ya kuakisi iko nyuma ya bilauri, yaani kioo kitupu kinachopitisha nuru, hivyo uso wa mbele nao unaakisi kidogo, na namba inapata kivuli pembeni. Dawa yake iko kwenye vibanda vya mafundi kompyuta. Diski ngumu iliyokufa ina sahani ndani yake, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na zinaakisi kwa uso wa mbele. Kipande cha sahani ya alumini, kikikatwa kwa msumeno wa chuma na kusawazishwa kingo, ni kioo kizuri kuliko vingi vya dukani. Kuna sahani nyingine, hasa za kompyuta mpakato, ambazo ni za bilauri. Hizo hupasuka vipande vikali na hazifai kukaribia jicho la mtu.

Kioo kimoja kinageuza maandishi, saba ikawa inatazama upande usio wake. SSD1306 ina amri ya ndani ya kugeuza safu kushoto kwenda kulia, hivyo mstari mmoja wa programu unatosha kuyanyoosha.

Wengine hawataki kioo kizibe hata kidogo. Wanataka namba ielee juu ya dunia yenyewe, kama kwa rubani. Hapo kioo kinabadilishwa na kipande cha plastiki angavu. Ujanja huu una historia ndefu. Mkesha wa Krismasi mwaka 1862, John Henry Pepper aliwaonyesha watu wa London mzuka jukwaani kwa kutumia bilauri kubwa iliyoinamishwa, wazo lililoanzia kwa Henry Dircks. Mwaka 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, akaunganisha bilauri na lenzi ili alama ya kulengea bunduki ionekane iko mbali sawa na shabaha. Kutoka hapo ikaingia kwenye ndege za vita, na ndege ya Uingereza ya Blackburn Buccaneer, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958, hutajwa kuwa ya kwanza kuingia kazini ikiwa na HUD kamili.

Nilijaribu njia hii mezani kabla ya kuigusa helmeti, na ningemshauri kila mtu aanzie mezani. Rula inabandikwa kwa gundi ya karatasi. Lenzi inasimamishwa kwenye mpasuo wa kadibodi, skrini inawashwa ikionyesha namba 88 kubwa, na mbele ya lenzi inasimama plastiki ya kifuniko cha CD, imeinama nyuzi 45. Ukutani, ng'ambo ya meza, inaning'inia kalenda. Mwanzoni 88 ni doa tu. Skrini ikisogezwa taratibu kuifuata fokasi, doa linakusanyika, linapata kingo, na ghafla namba inasimama juu ya tarehe za kalenda, nyepesi, ya buluu, tarehe zikisomeka ndani yake. Kisha unatikisa kichwa kidogo kushoto na kulia. Namba ikitembea juu ya kalenda, taswira bado haijafika umbali wa ukuta. Unasogeza skrini unywele mmoja na kutikisa tena. Ikitulia juu ya tarehe ileile hata kichwa kikitikisika, hapo ndipo penyewe, na hapo ndipo pa kuweka alama ya kalamu. Ni furaha ya pekee kuiona fizikia ya darasani imesimama hewani mbele ya kalenda ya duka.

Pamoja na uzuri huo, kwa anayejenga kwa mara ya kwanza napendekeza kioo kizima kinachoziba, kidogo, kilichowekwa kwenye kona ya juu ya jicho moja. Plastiki angavu isiyopakwa kitu inarudisha takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya nuru ya skrini. Iliyobaki inapita na kupotea. Ukumbini usiku inatosha. Saa sita mchana, kwa jua la Dar es Salaam au Mombasa, hutaona kitu. Waliopaka tinti kwenye kioo cha helmeti wananufaika kidogo, kwa kuwa nyuma ya namba kunakuwa giza, lakini tinti inakula uoni uleule tunaoutafuta. Kioo cha konani hakina shida hiyo. Mvaaji anainua jicho, anasoma, anarudi kwenye ukumbi. Jicho la pili linabaki huru.

Jua lina hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Lenzi inayopeleka nuru ya skrini jichoni ndiyo hiyohiyo itakayokusanya nuru ya jua kuelekea kwenye skrini. Helmeti ikiachwa juu ya meza mdomo wazi ukitazama jua, doa la moto litatua juu ya OLED na kuichoma. Ifunikwe kitambaa kila inapovuliwa.

Upande wa umeme ni mwepesi kuliko unavyotisha. Skrini ina waya nne: umeme, ardhi, na mbili za mawasiliano. Kompyuta ndogo ya Arduino Nano inaiendesha, ingawa kumbukumbu yake ni baiti 2,048 na picha moja ya skrini hiyo inakula 1,024, yaani nusu nzima. ESP32, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ina nafasi tele, ina Wi-Fi na Bluetooth, na bei yake haizidi sana ya Nano. Pasi ya kulehemu, risasi kidogo, na fundi simu wa mtaani akusaidie kama mkono wako bado unatetemeka.

Kuna njia ya pili, nayo inanivutia zaidi kwa sababu imekaa kwenye maghala yetu. Miaka ya video za kaseti, kila mji ulikuwa na wapiga picha wa harusi waliobeba kamera za begani, Panasonic zikiwa nyingi. Kamera zile zimekufa, lakini kila moja ina kitundu cha kuchungulia, na ndani ya kitundu hicho mna skrini ndogo pamoja na lenzi yake, tayari imepimwa kiwandani kwa jicho la binadamu, hata na gurudumu la kurekebishia kwa mwenye macho mabovu. Kazi yote ya rula na kalenda imeshafanywa. Vingi hupokea picha ya video ya kawaida, ile ya waya wa njano, na Arduino inaweza kuitengeneza picha hiyo kwa rizista mbili na programu ya TVout. Tahadhari ni moja: vya zamani vina bomba dogo la picha kama televisheni ya kizamani, na bomba hilo linatumia volti elfu kadhaa. Hicho kifunguliwe na fundi anayejua televisheni.

Ukiwa na kitundu hicho unaweza kukiunganisha moja kwa moja na kamera ya kurudishia gari nyuma, inayouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya vipuri kila mji. Inafichwa kwenye kisogo cha helmeti au kwenye begi la mgongoni, na mvaaji anaona nani yuko nyuma. Inataka volti 12, kwa hiyo kipandisha volti kidogo kinahitajika. Tena, kamera hizo hupindua picha kushoto kwenda kulia, ili dereva aone kama anavyoona kwenye kioo chake. Ukitazama moja kwa moja, hilo linakufaa. Ukipitisha picha kwenye kioo kingine, inapinduka mara ya pili, na mtu aliye kushoto kwako anaonekana kulia. Baadhi ya kamera zina kitanzi cha waya ambacho ukikikata picha hugeuka. Lijaribu jambo hili mezani na mtu mwingine, akiinua mkono mmoja, kabla hujaingia kwenye umati.

Sasa iandikwe nini kwenye skrini? Hapa ndipo ninapowaomba vijana wavumilie. SSD1306 inaweza kubeba mistari minane ya herufi 21 kila mmoja, na kishawishi cha kuijaza yote ni kikubwa. Mvaaji hataisoma. Atasoma namba moja kubwa, labda mbili. Mimi ningeanza na joto la ndani ya helmeti, kwa kuwa mtu aliyevaa fomu mwili mzima huzidiwa na joto kabla hajajua kuwa amezidiwa. Kipimajoto cha DHT11 kina makosa ya nyuzi mbili lakini kinatosha kumwambia sasa vua. Ingefuata umbali wa kitu kilicho mbele ya magoti, palepale asipoona. Kihisio cha HC-SR04 hupiga sauti isiyosikika na kungoja mwangwi, kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Kina udhaifu wa kujulikana mapema: nguo laini hunyonya sauti, hivyo meza kinaiona vizuri kuliko mtoto aliyevaa sweta. Kihisio cha leza cha VL53L0X hakijali ulaini wa nguo, ila hufika kama mita mbili tu, na jua kali linakiyumbisha. Kwa ndani ya ukumbi ningechukua cha leza. Saa na chaji ya betri vije mwisho, kwa kubonyeza kitufe.

Kuhusu betri sina mjadala. Isikae kichwani. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kupigwa shoti huwaka moto, na helmeti ya fomu ni kitu kinachochukua muda kuvuliwa. Pawabenki ikae kiunoni, waya mmoja upande kupitia mgongoni, na uwe na kiungio kinachochomoka chenyewe ukivutwa. Pawabenki ya mAh 10,000 itaendesha skrini, ESP32 na feni ndogo kutwa nzima. Wengi hukwama kwenye jambo dogo: pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, zikidhani simu imejaa. Skrini peke yake inakula kama miliampia 20 tu. Feni ya kompyuta ya volti 5, yenye upana wa milimita 40, inatatua mambo mawili kwa pamoja: inaiweka pawabenki macho, na inafukuza ukungu kwenye kioo. Bila feni, lenzi inashika mvuke wa pumzi na kazi yote uliyoifanya kwa rula inapotea. Feni ipulize hewa ya nje kuingia juu ya kioo, isizungushe tu hewa ya jasho iliyomo ndani.

Najua swali linalofuata, kwa sababu helmeti inayoonekana zaidi mitaani ni ya bodaboda: je, si tuiweke kule? Hapana. Helmeti ya barabarani imepimwa kwa kugongwa, na ukishaitoboa au kuweka lenzi ya bilauri mbele ya jicho umeiharibu kazi yake. Waliojaribu kitaalamu nao wameona ugumu wake. Kampuni ya Skully ya Marekani ilikusanya zaidi ya dola milioni 2 kwa michango ya umma mwaka 2014 ili itengeneze helmeti ya pikipiki yenye HUD na kamera ya nyuma. Mwaka 2016 ilifunga, na wengi waliotoa fedha hawakupata helmeti. Hii yetu ni ya kutembea kwa mguu, ndani ya ukumbi, kwa mwendo wa pole. Na hata humo, kingo za kioo na lenzi zizungushiwe fomu laini, na kila kitu kilicho mbele ya jicho kishikwe kwa namna ambayo kikigongwa kitasogea pembeni.

Usilehemu wala kugundisha skrini mahali pamoja milele. Jicho la dada yako si lako. Anayevaa miwani anahitaji umbali mwingine na asiyevaa mwingine. Mfereji mdogo wenye skrubu moja, unaoruhusu skrini itembee kama sentimita moja, unaifanya helmeti ivaliwe na mtu yeyote. Marubani wa helikopta ya Apache, ambao husoma maandishi kwa kijilenzi kilicho mbele ya jicho la kulia, hurekebishiwa kila mmoja cha kwake. Tena jua jicho lako lenye nguvu ni lipi kabla ya kuchagua upande: nyoosha kidole kielekee kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, fumba jicho moja moja, na lile lililobaki wazi kidole kisipohama ndilo.

Jambo la mwisho ambalo ningeliongeza mimi halitaki kihisio chochote. Anayevaa helmeti nzito huwa na msindikizaji, rafiki anayetembea naye kumshika mkono kwenye ngazi na kumwombea njia. Kwenye kelele za tamasha, maneno ya msindikizaji hayapenyi fomu na plastiki. ESP32 inaweza kufungua mtandao wake mdogo wa Wi-Fi, usiohitaji bando, na simu ya msindikizaji ikapata ukurasa wenye vitufe vichache. Anabonyeza, na neno linatokea kwenye kona ya jicho la rafiki yake, kubwa, moja kwa wakati. Vitufe ningevipa maneno haya: MTOTO KUSHOTO. NGAZI. WANATAKA PICHA. SIMAMA. KUNYWA MAJI.